Kichupa cha Dirishani

Saa mbili na nusu asubuhi, mwendesha baiskeli mmoja alimkuta Nelleke Smeets kando ya mto Maas, yuko pekupeku, analia na kuyaomba maji msamaha. Nyumbani kwake, mtaa wa Wyck, bintiye Pleun wa miaka mitano alikuwa peke yake mezani, anakula mkate na chembe za chokoleti.

Hospitali ilipima damu ikakuta LSD, dawa ya maruweruwe, tena si haba. Kufikia adhuhuri mtoto alishapelekwa kwa baba yake na kituo kizima cha polisi cha Maastricht, Uholanzi, kilishakata shauri. Nelleke ana ADHD, akili yake haitulii. Tangu masika alikuwa akimeza tone moja la dawa hiyo mara mbili kwa wiki, ati limtulize. Leo kazidisha, faili lifungwe.

Inspekta Annelous Reumkens aliwaka. Kaka yake mwenyewe aliitwa mzembe mpaka akaacha shule, na tangu hapo hakuwa na simile na watu wa kuhukumu kwa mdomo. Akaenda kuiona nyumba.

Dirisha la jikoni halikuwa na pazia, kama madirisha yote ya mtaa ule, na jua la Agosti lilijaa mpaka mezani. Kati ya vyungu viwili vya maua kilisimama kichupa chake cha matone, cha kioo cheupe. Alipokiinua, kiliacha duara safi katikati ya vumbi. Sinki lilifurika vyombo vya juzi, ila vikombe viwili vya kahawa vilikuwa vimeoshwa na kufunikwa vizuri.

Alianza na Gijs, mtalaka wa Nelleke, dereva wa treni.

"Ulimtaka mtoto, sivyo? Ukamtilia mama yake dawa?"

"Nilimtaka na bado namtaka! Mama gani anameza madude? Lakini kumlewesha? Pleun angeweza kutumbukia mtoni, we mama!"

Alikuwa kazini tangu alfajiri mpaka alipoitwa kumpokea mtoto, treni nzima ya abiria ni mashahidi. Annelous alimwachia.

Jioni Hidde Wassenberg alijileta mwenyewe kituoni. Ndiye aliyewauzia watu matone na kuwafundisha kuyatumia, sauti yake laini kama ya padri.

"Maskini Nelleke. Nilipita kwake asubuhi kunywa kahawa. Akatoa kichupa kwenye friji, akamimina kama matone kumi. Nikamwambia, taratibu, dada! Wapi! Ndio walivyo hawa, hawana breki."

"Kwenye friji?"

"Nawafundisha wote. Gizani na kwenye baridi, la sivyo dawa inakufa."

"Basi ilikufa zamani!" Annelous alipiga meza. "Kichupa kimeota jua dirishani kiangazi kizima, vumbi limekizunguka. Maabara wamekuta maji matupu. Hata angekinywa chote angeishia chooni tu. Dawa iliyo kwenye damu yake imetoka kwingine. Na vile vikombe viwili nani aliviosha? Huyo aliyesahau viatu?"

Ulaini ukamtoka Hidde. "Alitaka kunishtaki! Kisa Sanne!"

"Sanne gani?"

"Mwanafunzi wangu. Nilimwambia atupe vidonge vya daktari, matone yanatosha. Akaingia barabarani na baiskeli bila kuangalia, gari likamgonga. Mpaka leo hajazinduka. Nelleke akisema, nimekwisha. Nikamtilia kwenye kahawa. Akionekana mlevi, nani atamsikiliza?"

"Na mtoto uliyemwacha naye?"

"Mtoto sikumfikiria."

"Halafu wao ndio wasiofikiri! Mfungeni pingu huyu, simtaki machoni pangu."

Hospitalini, Nelleke alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kiangazi chote nilikuwa nakunywa maji?"

"Maji tu, dada."

Annelous alidhani atacheka. Hakucheka.

"Miaka yote naambiwa siwezi. Nimeamka asubuhi zote hizo, nimemsuka Pleun, nimemfikisha shule kabla ya kengele, halafu sifa nikampa yule shetani!" Aliisukuma simu ya mezani kuelekea kwa inspekta. "Mpigie Gijs. Mwambie ni mimi niliyeyaweza yote hayo, si matone. Mwambie amlete mwanangu sasa hivi."

Annelous akapiga.