Moteri Iliyotoka Shimoni

Mvua ilikuwa haijanyesha Bukavu kwa siku nyingi, lakini asubuhi Rosalie alipofungua gereji kutafuta ufagio, aliikuta moteri ya mumewe, injini ya gari, inachuruzika maji. Maji yenyewe yalikuwa mekundu na mazito, kama ya mtaro watu wanapochimba msingi wa nyumba. Yalitoka taratibu kwenye matundu ya bugi, zile plagi za kuwashia, yakatambaa juu ya saruji hadi kwenye sandali zake. Aliinama akayagusa. Yalikuwa na baridi ya kuuma.

"Josué! Njoo uone moteri yako, iko inatapika."

Mume wake alitoka na mswaki mdomoni, akatazama, akacheka. "Ni ukungu ya ziwa, chérie. Hapa Nguba kila kitu inalowa."

Rosalie alitazama vidole vyake vilivyolowa. Tangu lini ukungu ukawa mwekundu?

Moteri hiyo ilikuwa ya kuwekwa kwenye gari la marehemu Papa Déogratias, baba yake Josué. Lilikuwa gari la Kimarekani la milango miwili, pua ndefu, ambalo zamani likipita watu walitoka madukani kulitazama. Wakati wa vita, askari waling'oa moteri yake kubwa wakaenda nayo wasikojulikana, na mzee alikufa bila kulisikia tena likinguruma. Josué, aliyekuwa logisticien, msimamizi wa magari na vifaa, wa shirika moja la misaada, aliapa kwamba siku moja atalifufua.

Alphonse, mtu wa kuuza moteri za zamani, alimletea mbili achague. Moja ilikuwa ya silinda sita, ndogo, safi, iliyotoka kwenye kamioneti, gari dogo la mizigo. Ya pili ilikuwa V8, ya silinda nane na bloku kubwa, nyeusi, nzito hata mnyororo wa kuishushia ulilia. Kuhusu hiyo Alphonse alisema tu kwamba ilikuwa inatumika huko Mwenga.

"Chukua ile ndogo," Rosalie alimshauri mumewe. "Hii itakandamiza pua ya gari. Breki za zamani zile zitaiweza ku milima yetu? Na rejeta itachemka mbele hata hatujafika Mudaka."

Josué alijua mkewe anasema kweli, na karibu akubali. Lakini Alphonse aliziwasha zote mbili pale uani ili wazisikie. Ile ndogo iliimba vizuri. Ile kubwa ilianza chini kabisa, ikamwingia mtu kifuani kabla ya masikioni, na Josué akasimama macho yamejaa machozi.

"Ni sauti ya gari ya papa," alisema. "Ninachagua hii."

Akaweka kiganja juu yake. Alphonse alikuwa ameshakata mafuta, moteri imeshanyamaza, lakini mkono wa Josué ulipoigusa ilijizungusha tena mara moja, polepole, kama mtu anayemeza. Alphonse alikusanya vifaa vyake akaondoka hata bila kuaga.

Tangu asubuhi ile ya maji, nyumba haikutulia. Moteri ilipofungwa ndani ya gari, ikaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, kama sururu kwenye mwamba, saa za mchana watu wakiwa mezani. Rosalie alianza kusikia harufu jikoni: udongo wa chini usiowahi kuona jua, na jasho la wanaume wengi waliobanana mahali padogo. Alifua mapazia, akasugua sakafu, na harufu ikabaki.

Josué naye alibadilika. Akitoka kazini alienda moja kwa moja kuketi ndani ya gari. Akiitwa kula, alikuja amechoka, akasukuma sahani.

"Wamechoka sana," alisema siku moja.

"Nani?"

"Wale wa chini. Na papa iko kati yao. Ananiita, Rosalie. Anasema nisizime."

Rosalie alijaribu kucheka, kicheko kikakataa.

Jioni ya Jumapili alirudi peke yake kutoka kanisani. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na ziwa lilikuwa linaanza kuwa jeusi. Alisikia moteri inanguruma tangu barabarani, naye alijua kwamba betri ya gari ilikuwa juu ya meza ya veranda, kwa sababu asubuhi aliing'oa mwenyewe akaiweka pale. Alipofungua gereji aliona vioo vya gari vyote vimefungwa, na nyuma ya vioo hakuona viti wala usukani, aliona wekundu tu, wekundu unaocheza, mpaka alipokaribia ndipo akaelewa kwamba ni maji, kwamba gari limejaa maji ya tope kama chupa, na kwamba mumewe ameketi humo ndani, maji yamemfika kidevuni na yanapanda, naye anatabasamu, midomo inakwenda kama anayezungumza na watu walioketi kulia na kushoto kwake, na ngo, ngo, ngo ile sasa ilitoka kila upande, kwenye kuta, kwenye paa, chini ya nyayo zake.

Alichukua spana kubwa, akapiga kioo. Hakikuvunjika. Akapiga akilia, akipiga kelele jina la Yesu na jina la mumewe, mpaka kikapasuka na maji yakamwangusha chali. Ndani ya maji hayo kitu kilimshika kifundo cha mguu, vidole vitano, vigumu, vya mtu aliyezoea kushika sururu, kisha kikamwachia.

Josué alikohoa tope usiku kucha.

Kulipokucha, Rosalie alimleta Maman Cibalonza kutoka Mudaka, mama wa makamo anayeombea watu na kutibu kwa majani. Hakufanya kelele. Alivua viatu, akaegemeza sikio juu ya bloku ya moteri, akakaa hivyo mpaka chai waliyompa ikapoa.

"Papa yako alizikwa?" alimuuliza Josué kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, maman. Kaburi yake niliifunika miye mwenyewe."

"Basi hayuko humu. Humu muko jini ya shimo. Inakaa mu maji, inashika sauti za watu wenye maji iliwafunika, na kwa sauti zile inaita wengine. Sauti ya papa yako iliitoa ku roho yako, siku ulisema unaichagua." Akamgeukia Rosalie. "Muite ule mwenye aliiuzisha."

Alphonse alikuja, akasema yote bila kubanwa. Moteri ilikuwa inazungusha pampu kwenye shimo la dhahabu huko Mwenga. Mwenye shimo aliihamisha siku moja wanaume wakiwa bado chini, akidai wote wametoka. Maji yalipanda. Hakuna aliyewatoa mpaka leo.

"Tuitupe mu ziwa," Josué alinong'ona.

"Utaiongezea maji tu," Cibalonza alisema. "Irudi kwenye iliachia kazi. Ivute yale maji, watu wazikwe. Jini ikikosa sauti, haina kitu ya kuitia mutu."

Waliing'oa moteri kwenye gari, wakaipakia kwenye lori la Alphonse wakaenda Mwenga kwa barabara mbovu, Cibalonza ameketi juu yake njia nzima kama mtu anayekalia kifuniko cha sufuria. Kwenye shimo wajane wa wale wanaume, waliopelekewa habari, waliwangoja, wamejifunga vitambaa. Wachimbaji wa pale waliifunga moteri kwenye pampu, na mpira wa kuvuta maji ulipozamishwa tu, kabla hata ya kutiwa mafuta, moteri iliwaka yenyewe. Ilivuta mchana kutwa. Ndani ya mpira zilipita sauti pamoja na maji, minong'ono, vikohozi, mtu anayeomba taa, na mara sauti ya Papa Déogratias ikasema wazi, kwa upole, "Mutoto, zima, ninaumia." Josué alinyoosha mkono. Rosalie akaudaka kwa mikono yake miwili, akaubana kifuani mwake.

"Papa alizikwa," alimwambia. "Sema."

"Papa alizikwa," Josué alisema, na hapo ndipo alipomlilia baba yake kweli.

Jua lilipoegemea milima, mpira ulivuta hewa tupu; maji yalikuwa yamekwisha. Bloku ikapasuka kutoka juu hadi chini, na harufu ile ikaondoka.

Wachimbaji walishuka, wakawatoa wenzao mmoja mmoja, wakawalaza kwenye mikeka na kuwafunika. Maji na tope vilikuwa vimewabadilisha. Hakuna mjane aliyeweza kujua yupi ni wake. Mchimbaji wa mwisho kupanda, jina lake Glody, alimwendea Rosalie na Josué pembeni.

"Wote walikuwa wameketi, bega kwa bega," alisema. "Lakini katikati yao muko nafasi ya mutu mumoja, imechongwa mu ukuta. Iko mupya kabisa. Nani alikuwa anakaa pale?"

Josué alitazama mikeka. Kisha akatembea hadi ule wa kwanza, akapiga magoti, akataja jina la mtu ambaye hakuwahi kumwona maishani mwake, jina alilolisikia ndani ya gari. Nyuma yao mwanamke mmoja akapiga yowe: lilikuwa jina la mume wake. Josué akasogea kwenye mkeka wa pili, akataja jina jingine.