Mikorosho Arobaini na Mshahara wa Dar es Salaam

Semeni alikuwa akimenya mbaazi uani kwake, Nachingwea. Hakuimba kama Jumapili nyingine. Alasiri ile Lukman, mfanyabiashara wa Ruangwa, angekuja kununua mikorosho yao yote arobaini iliyoko shambani Marambo.

Mumewe, Harithi, alikuwa mlinzi wa ghala la ufuta. Mshahara wake ulikuwa laki moja na nusu kwa mwezi. Sasa alikuwa amepata kazi Dar es Salaam kwa laki tatu. Mwenye nyumba wa kule alitaka kodi ya miezi sita kwanza. Ndiyo maana ilibidi mikorosho iuzwe.

"Mara mbili, mama Saada!" alisema Harithi. "Unanuna nini?"

"Mikorosho ile baba yako aliipanda kwa mkono wake."

"Baba hakuwahi kuitwa na laki tatu."

"Hodi!" Alikuwa jirani yao, Mwalimu Justa, mtu wa Bukoba aliyewahi kufundisha Dar miaka minane. Alikuja kununua mbaazi, kama kawaida yake.

"Hongera, baba Saada. Hesabu mmepiga?"

"Tumepiga. Sukari, mafuta, sabuni na dagaa, elfu tisini. Kodi ya kule laki moja. Tunabaki na laki na kumi!"

Justa alitazama ungo wa Semeni. "Na mbaazi hizi mmenunua bei gani?"

Harithi alicheka. "Mbaazi za kununua? Hizi za shambani."

"Unga wa muhogo je? Kuni?"

"Shambani. Mwalimu, unatutania?"

"Sitanii. Mimi vyote hivyo nanunua kwenu. Dar mtakuwa kama mimi. Ukilinganisha miji miwili, andika na kile ambacho leo hukinunui."

Justa alimpigia simu kaka yake, Evodius, anayeishi Dar, akauliza bei. Semeni aliandika nyuma ya daftari la mtoto. Kodi, laki moja. Nauli ya kazini, elfu sitini. Mkaa, elfu arobaini na tano. Maji na umeme, elfu ishirini na tano.

"Zimebaki elfu sabini," alisema Harithi. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Chakula bado," alisema Justa. "Watu watano, pamoja na vile vyenu vya elfu tisini, kwa kujibana, elfu saba kwa siku."

Semeni aligawanya. "Siku kumi. Na siku ishirini nyingine, baba Saada, watoto wale nini?"

Nje pikipiki ilisimama. Lukman aliingia na mfuko wa fedha.

"Hesabu, bwana mkubwa. Zimetimia."

Harithi aliutazama mfuko, kisha daftari.

"Rudi nazo, ndugu yangu. Siuzi."

"Kumbe unaogopa jiji!"

"Jiji siliogopi. Naogopa mwezi wenye siku kumi za kula."

Kesho yake Harithi alimpigia simu tajiri wa ile kazi ya Dar, akamwomba chumba na posho ya chakula. Tajiri alikataa. Harithi akabaki kwenye ghala lake.

Msimu ule fedha za korosho zilinunua mabati ya chumba kipya cha uani. Sasa humo amepanga mwalimu mgeni. Kila Jumapili anamlipa Semeni pesa ya mbaazi, na Semeni anamenya akiimba.