Neno Asilolijua Raïssa

Jumamosi ilikuwa siku ya kupika nyumbani kwa kina Raïssa. Mama yake, Mama Émilienne, alipotoka kwenye kazi yake ya kusafisha ofisi, alipitia sokoni Stratford akanunua samaki wakavu na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mchana walikuja wanafunzi wawili wa chuo cha uchungaji: Ghislain, kijana kutoka Bukavu, na Mwende, msichana kutoka Machakos. Chuo chao kilikuwa kaskazini ya London, na chakula cha huko, Ghislain alisema, kilikuwa viazi leo na viazi kesho.

Raïssa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliletwa London kabla hajaanza shule, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na sebuleni. Mama alimsemesha kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiingereza.

Jumamosi hiyo, mwaka 2003, Ghislain hakula sana.

"Kesho ndiyo siku yenyewe," alisema. "Mwalimu wetu, Bwana Pritchard, anakuja kanisani kunisikiliza nikihubiri. Ni mtihani. Na Papa Anselme, anayetutafsiria siku zote, ameitwa kazini."

"Mimi nitakuwa na watoto wadogo chumba cha nyuma," alisema Mwende. "Huo ndio mtihani wangu."

Mama alimgeukia binti yake. "Raïssa anaweza. Kiingereza chake ni kama cha redio."

Wote walimtazama. Raïssa alitamani kusema kwamba Kiswahili cha kanisani wakati mwingine kilimpita juu ya kichwa. Lakini macho yao yalikuwa na matumaini mengi, akajisikia akisema, "Sawa."

Kanisa lao lilikodi ukumbi wa shule. Jumapili Bwana Pritchard, mzee mrefu mwenye koti la kijivu, aliketi mbele pamoja na vijana waliozaliwa London. Ghislain alisimama upande mmoja wa meza, Raïssa upande wa pili. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Ghislain alisema sentensi, Raïssa akaigeuza kwa Kiingereza, na vijana wakaitikia kwa vichwa.

Kisha Ghislain akaanza kusimulia habari za vita.

"Jirani yetu ndiye aliyewaonyesha wenye bunduki nyumba yetu," alisema. Raïssa alitafsiri. "Waliichoma. Mimi nilitokea dirisha la nyuma." Akatafsiri hilo pia.

"Nilimchukia jirani yule moyoni kwa miaka mingi," Ghislain aliendelea. "Lakini siku moja nikatubu, na kidonda kikapona."

Raïssa alifungua kinywa, akakifunga. Nilimchukia? Mama alikuwa akisema "chukua" kila siku: chukua sahani, chukua mwavuli. Na "tubu"? Aliwahi kusikia "matibabu" hospitalini. Ghislain alikuwa akimsubiri. Bwana Pritchard aliinua macho. Kwenye safu ya kwanza, Aristote, mwanafunzi mwenzake wa darasani, alianza kutabasamu.

"Nilimchukua jirani yule," Raïssa alisema haraka kwa Kiingereza, "nikamweka moyoni kwa miaka mingi. Siku moja nikamtibu, na kidonda chake kikapona."

Vijana wakashangilia. Ghislain, aliyekuwa akiitafuta sentensi yake inayofuata, hakusikia alichokisema Raïssa. Mahubiri yakaendelea.

Baada ya ibada watu walimsifu Raïssa. "Umekimwaga Kiingereza, mwanangu!" walisema. Yeye alitabasamu, lakini bado alijiuliza kuhusu yale maneno mawili. Alimwona Bwana Pritchard akimwendea Ghislain katikati ya kelele za viti na vikombe vya chai.

"Kwa hiyo ulikutana naye tena baadaye?" mzee aliuliza kwa Kiingereza. "Na ukamtibu wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Bwana," Ghislain alijibu akicheka. "Tumshukuru Mungu."

Raïssa alichanganyikiwa. Kama Ghislain mwenyewe amekubali, basi alitafsiri sawasawa. Ila kama alitafsiri sawasawa, mbona moyo wake haukutulia? Alitaka kumuuliza Ghislain, akaona haya. Wakarudi nyumbani.

Katikati ya wiki Mwende alikuja peke yake. Hakuvua hata koti.

"Mama Émilienne, Ghislain amepata matatizo," alisema. "Chuo kimemzuia kuhubiri. Kesho wakuu wanakaa kuamua kama ataendelea na masomo. Wanasema amedanganya madhabahuni."

"Ghislain? Amedanganya nini?"

"Alipoomba nafasi chuoni aliwaambia kwamba hakumwona tena yule jirani tangu nyumba ilipochomwa. Jumapili eti amesema alimchukua yule mtu, akamtibu kidonda. Hata yeye haelewi. Ananiuliza, 'Mwende, mimi nilisema nini?' Naye Bwana Pritchard anashikilia kwamba alimuuliza uso kwa uso, akakubali."

Raïssa alikuwa akiosha vyombo. Aligeuka, mikono ikichuruzika maji, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili.

"Mama, kuchukia ni nini?"

"Kuchukia? Ni kutompenda mtu kabisa. Kumwona hivi, unakasirika."

"Siyo kubeba?"

"Kubeba ni kuchukua. Kwa nini unauliza?"

"Na kutubu?"

Mwende akamjibu polepole. "Kutubu ni kukiri kosa lako mbele ya Mungu na kuliacha. Ghislain alitubu ile chuki yake."

Raïssa alikaa kwenye kiti cha karibu. Sasa sentensi ile ilimrudia nzima, na ilikuwa kinyume kabisa cha ile aliyowapa watu.

"Ni mimi," alisema. "Yeye hakudanganya. Ni mimi niliyesema."

Mama alisogea karibu naye. "Wakati unasema, ulijua kwamba hujui?"

"Nilijua kidogo," Raïssa alijibu, machozi yakimlenga. "Lakini wote walikuwa wakinisubiri."

Mama hakumgombeza. Alikausha mikono ya binti yake kwa taulo, kama alivyofanya Raïssa alipokuwa mdogo. "Kesho ukitoka shuleni tutakwenda chuoni. Maneno uliyasema wewe, utayarekebisha wewe. Mimi nitakaa pembeni yako."

Siku ya pili walipanda treni ya chini ya ardhi, wakabadilisha mara moja, kisha wakapandisha mtaa wenye miti isiyo na majani. Ghislain walimkuta kwenye korido, amevaa suti yake, ameketi kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Mwende alikuwa naye. Raïssa alijaribu kumwambia yote pale pale, lakini mlango ukafunguliwa, wakaitwa ndani.

Mbele ya Bwana Pritchard na wenzake wawili, Raïssa alisimama akaeleza. Alieleza kuchukua na kuchukia, kutibu na kutubu, hata mwavuli na sahani. Mwishoni akasema, "Sikuyajua maneno hayo. Nilibahatisha. Kaka Ghislain alisema kweli."

Mwende aliwathibitishia wakuu maana ya kila neno. Bwana Pritchard alivua miwani, akamgeukia Ghislain.

"Lakini nilikuuliza mwenyewe. Nawe ukasema ndiyo."

Ghislain aliinamisha kichwa. Alijibu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akichagua kila neno. "Bwana, swali lako sikulielewa. Palikuwa na kelele. Nilikuona unatabasamu, nami nikatabasamu. Nikasema ndiyo, usije ukaniona sijui Kiingereza."

Raïssa alimtazama kwa mshangao. Kumbe hata mtu mzima, anayesomea uchungaji, aliweza kufanya vile vile!

"Nami niliuliza haraka, nikajiridhisha haraka," Bwana Pritchard alisema hatimaye. "Utabaki chuoni, Ghislain. Lakini mtihani utaurudia. Na mahubiri hayo lazima yarekebishwe mbele ya watu wale wale waliopewa habari isiyo ya kweli."

Walipotoka nje, Raïssa alisema, "Nisamehe, kaka. Jumapili Papa Anselme atakuwepo."

"Papa Anselme atapumzika," Ghislain alijibu. "Nitasimama na wewe."

Jumapili hiyo Raïssa alianza kwa kuwaeleza vijana kosa lake mwenyewe. Aristote alicheka, akanyamaza Mama Émilienne alipomtupia jicho. Mahubiri yakaanza, na katikati Ghislain akasema, "Mungu ametupa huduma ya upatanisho."

Raïssa alimgeukia Ghislain. Alihisi macho yote yakimwelekea.

"Samahani, kaka," alisema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma. "Neno hilo silijui."

Watoto wachache walicheka. Ghislain akamsogelea. "Watu wawili wamegombana," alisema, "halafu wanakaa tena meza moja, wanakula pamoja. Huo ni upatanisho."

Raïssa alifikiri kidogo, kisha akawaambia vijana kwa Kiingereza, taratibu, habari za ile meza. Papa Anselme, aliyeketi mbele, alimnong'oneza jirani yake kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, "Hata mimi ningekwama hapo!" Ukumbi mzima ukacheka, akiwemo mhubiri.

Baadaye, Raïssa na mama yake walipokuwa wakipanga viti, msichana aliuliza, "Mama, uliona haya nilipokwama?"

"Mimi? Hapana," Mama alijibu. "Sikiliza, mwanangu. Anayetafsiri amekabidhiwa masikio ya watu. Ukikwama, sema umekwama, watakusubiri. Lakini wakishatoka mlangoni na neno la uongo, kila mtu na njia yake, utawafuata wapi wote?"

"Nimeelewa," alisema Raïssa. Kisha akafikiri, akaweka kiti chini. "Ila hapo kwenye masikio, Mama, hebu rudia."

Mama akarudia.