Pumzi Ndani ya Redio

Valvu zote, zile taa za kioo za redio ya zamani, zilikuwa zimewaka, nyekundu kama makaa, lakini redio haikutoa hata mkwaruzo. Tena ilinuka. Ingekuwa harufu ya waya ulioungua, fundi angefurahi. Hii ilinuka kinywa cha mtu aliyelala na homa siku nyingi bila kusukutua.

"Kaka, umewahi kuficha nyama humu?"

"Mdogo wangu, nimekuita utengeneze, hukuitwa kunitania." Kaka yake alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. "Redio ya babu hiyo. Naitaka iseme. Huyu ndiye abaki hivyohivyo." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

Wifi mtu alisimama mlangoni, amejishika koo. Tangu redio inyamaze, naye hajatamka neno. Eti heshima imemwingia. Heshima gani hiyo, ya kumfanya mtu ateme ute wa kijivu kwenye kopo kila anapojaribu kusalimia?

"Nani aliigusa mwisho?"

"Nilimwambia aipulize vumbi ndani. Mimi kifua changu na vumbi wapi na wapi."

Wifi akafumbua mdomo kumwonyesha. Ulimi ulikuwa umepauka, umesinyaa kama kipande cha nyama kilichonyonywa utamu kikaachwa. Fundi akageuza uso. Hospitali kesho, akajisemea, nitampeleka mwenyewe. Akarudi kazini.

Spika nzima. Valvu ya mwisho akaibadilisha, kimya. Ikabaki njia ya mafundi wa zamani: unalamba ncha ya kidole, unagusa mguu wa kati wa swichi ya sauti, redio ikiunguruma unajua ubovu uko kwenye kunasa stesheni. Akalamba, akagusa.

Redio ikamnyonya.

Kitu chororo, cha uvuguvugu, kikakimeza kidole na kukiramba hadi chini ya ukucha, na alipokichomoa kikatoka na uzi wa ute uliorefuka bila kukatika, huku karatasi ya spika ikilowa, ikituna, ikipanda na kushuka kama koo la mtu anayemeza, na ile harufu ikamjaa puani.

"Wifi, nitoe," spika ikasema, kwa sauti ya mke wa kaka yake. "Kinanitafuna."

Kisha sauti nyingine, nzito, imejaa mate: "Namtema sasa hivi. Mwenye nyumba aseme tu anamtaka mkewe pamoja na sauti yake."

"Kaka," fundi akanong'ona. "Sema."

Kaka aliketi. Akamtazama mkewe aliyepiga magoti, ute ukimtiririka kidevuni, akakunja uso kama aliyekuta unywele kwenye sahani.

"Sema, kaka. Neno moja tu."

"Ngoja kwanza. Unajua alivyokuwa akinisema huyu? Mbele ya wageni?"

"Mume wangu, nakuomba," redio ikalia.

Kaka akanyoosha mkono, akazungusha swichi, akapunguza sauti.

Fundi akafumbua mdomo amtukane tusi ambalo ndugu hawatukanani. Midomo ilicheza. Kilichomtoka ni ute wa kijivu tu, ukamdondokea mapajani. Tusi lenyewe likasikika ndani ya spika, kwa mbali, kando ya kilio cha wifi yake.

Kaka akajiegemeza tena kwenye kochi.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema. "Hapo sasa imekaa vizuri."