Mdomo wa Peres

Haya yalimpata rafiki yangu Wesonga, mchoraji wa sura za watu kule Dagoretti, aliyejifunza mwenyewe kutumia vijiti vya rangi ya mafuta. Kwa miaka miwili alikuwa akimchora marehemu mkewe, Peres, bila picha ya kutazamia, katika chumba walichoishi wote wawili. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mdomo.

Alasiri moja alishuka mjini kununua kijiti chekundu dukani kwa Mzee Kulwant.

"Huyu mama bado hana mdomo?" Kulwant akamuuliza.

"Nimeusahau, mzee. Sauti naisikia, lakini mdomo siuoni."

"Si uchore wowote tu. Nani atajua?"

"Mimi."

Aliporudi, mvua ilikuwa imetia giza na stima imepotea. Mabati yalinguruma. Alisikia tone likidondoka karibu na picha, akapapasa gizani ili aisogeze, na kidole chake kikapita juu ya rangi pale alipokuwa ameacha kitambaa cha picha kikiwa kitupu asubuhi.

Akawasha tochi ya simu. Ulikuwa mdomo wa Peres, umefunguka kidogo, na lile pengo la jino ambalo hakuwa amelikumbuka tangu amzike.

"Peres," akaita polepole. Mvua ilikuwa imekatika. Alisikia pumzi zake mwenyewe tu.

Rangi ile huchukua siku kadhaa kushika ngozi, yaani kukauka hata kwa juu tu. Wesonga aliikwaruza kwa ukucha. Ilikuwa imekauka kabisa, na juu ya midomo palikuwa na vumbi la siku nyingi.