Taa ya Nyuma ya Kushoto

Jioni ile Bi Pindo alitoka nyumbani kwenda kununua sumu ya panya. Hilo tu. Makubwa mengi ya dunia hii huanza na mtu kutumwa dukani, na yeye alikuwa amejituma mwenyewe.

Bi Pindo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Lilikuwa jina la kazi, maana alikuwa fundi cherehani, na pindo alilolikunja yeye halikufumuka hata ulivute kwa meno. Miezi miwili sasa alikuwa ameifunika cherehani yake na kuhamia kwa shangazi yake mgonjwa. Shangazi huyu, dada wa baba, ndiye aliyemlea. Mama mzazi alikufa Bi Pindo akiwa na miezi mitatu, baba naye hakukawia kumfuata, basi Shangazi akawa mama, akawa baba, akawa na fimbo.

Sasa Shangazi alikuwa kitandani, mifupa mitupu, na roho haitaki kutoka. Daktari alikuja, akampima, akatoka nje akikuna kichwa. "Kwa kweli huyu angekuwa ameshakwenda," alisema. Lakini Shangazi hakwenda. Shingoni alikuwa amefunga ufunguo wa stoo kwa kamba, na kila Bi Pindo alipoinama kumnywesha maji, mkono ule mkavu uliunyoosha ufunguo.

"Pokea, mwanangu."

"Kaa nao, Shangazi. Utapona."

"Pokea..."

Stoo yenyewe ilikuwa uani, mlango wa mbao nzito na kufuli kubwa. Tangu utotoni, kila jioni, Bi Pindo alisikia kitu kikikwaruza mle ndani. Krr... krr... Kama kijiko kwenye bati. "Panya," Shangazi alimwambia, na mtoto akikua na uongo mmoja miaka yote, uongo ule huwa sehemu ya nyumba kama dirisha. Kila Jumamosi Shangazi alinunua pumba za mahindi kwenye mashine ya kusaga. Za kuku, alisema. Kuku mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Tangu Shangazi ashindwe kuamka, siku kumi na mbili, panya walikwaruza kwa fujo, kisha wakaanza kulegea. Bi Pindo akaona huo ndio wakati wa kuwamaliza. Angeimwaga sumu kwa chini ya mlango, basi.

Lakini mkobani alikuwa na kitu kingine. Asubuhi ile kioo cha kabati la Shangazi kilipasuka, na alipokiondoa, nyuma yake akakuta picha. Mwanamke kijana amesimama kando ya gari. Nyusi zimeungana, kama zake. Mkono wa kushoto una kovu la pasi, lile lile ambalo bibi yake mzaa mama alimsimulia mpaka akalijua kwa moyo. Katika miaka yake arobaini na minane, Bi Pindo hakuwahi kuiona sura ya mama yake hata siku moja. Alikaa sakafuni akalia mpaka kwikwi zikampanda.

Ndiyo maana, sumu ikiwa tayari mkobani, alipita kwa Mzee Tisa.

Mzee Tisa alikuwa fundi wa bodi za magari, sasa mstaafu, na jina alipewa na vidole vyake. Ukimpelekea picha ya zamani, alikuambia ni ya mwaka gani, na watu wazima waliobishana nani ni mkubwa wa nani walitoka kwake wamenywea. Watu waliomo pichani hakuwatazama kabisa. "Mtu huvaa nguo za kaka yake," alizoea kusema. "Gari halivai taa za kaka yake." Sheria yake ilikuwa moja: picha haiwezi kuzaliwa kabla ya gari lililomo.

Alimkuta kwenye kibanda chake cha bati, katikati ya bampa zilizotundikwa ukutani na makopo ya biskuti yaliyojaa vioo vya taa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Watu wa sindano mmetufuatia nini sisi watu wa nyundo?"

Alimpa picha. "Mama yangu huyo. Mimi nilizaliwa mwezi wa pili, mwaka sabini na moja, yeye akafa mwezi wa tano. Nikijua picha ni ya lini, nitajua..." Akacheka kwa aibu, mtu mzima yule. "Nitajua kama nilikuwa tumboni. Kama na mimi nimo pichani."

Mzee Tisa alilainika. Akachukua lenzi yake, akaisogelea balbu.

"Gari limepigwa picha kwa nyuma. Buti la mkato huu lilianza sitini na nane. Bampa ya nyuma haina meno, basi gari si la sabini. Bahati yako, mama, tunakaribia. Taa ya kulia ya mviringo, sawa. Taa ya kushoto..."

Akaifuta lenzi kwa shati, akatazama tena.

Lenzi ilitua mezani. Mzee aliinuka, akaenda kufunga mlango, akarudi bila kukaa.

"Mama yako alizikwa lini, umesema?"

"Mwezi wa tano, sabini na moja."

"Kaburi unalijua?"

"Nalipalilia kila mwaka. Kwani kuna nini, Mzee?"

Alimsogezea lenzi. Taa ya kulia ya gari lile ilikuwa ya mviringo. Ya kushoto ilikuwa ya pembe nne.

"Kiwandani halikutoka hivyo," Mzee Tisa alisema polepole. "Taa hiyo niliifunga mimi. Ya mviringo ilikosekana mji mzima, nikakata bati, nikapachika ya gari jingine. Ilikuwa kazi mbovu na niliona haya. Hakuna gari la pili duniani lenye kosa hilo, maana ni kosa la mikono yangu." Akainua mkono wenye vidole vinne. "Na niliifunga siku niliyopoteza hiki. Mwezi wa nane, mwaka sabini na nne. Cheti cha hospitali ninacho."

Bi Pindo alihesabu. Sabini na moja. Sabini na nne. Akahesabu tena.

"Umekosea, Mzee."

"Natamani."

Nje giza lilikuwa linaingia. Bati la kibanda lilikuwa linapoa, likilia tik... tik...

"Nimewaambia watu wote kwamba kidole kilikatwa na bati," Mzee Tisa alisema kwa kunong'ona. "Ni kweli, ila si kweli yote. Gari liliendeshwa na mama mmoja mwenye mashamba makubwa. Wafanyakazi wake hatukuwahi kuwaona mchana. Akaniambia, fundi, funga taa, lakini buti usifungue, nina kuku humo. Sasa nyaya za taa ya nyuma utazifikiaje bila kufungua buti? Nikapitisha mkono kwenye tundu la taa. Napapasa... nasikia harufu ya pumba zilizolowa... napapasa..."

Akauficha mkono ule kwapani.

"Kitu kikanishika mkono."

"Kitu gani?"

"Mkono. Wa mtu. Wa baridi. Haukuvuta wala kubana. Ulinishika tu, kama mtoto anavyoshika mkono wa mkubwa sokoni. Nikajichomoa kwa nguvu, bati likala kidole. Yule mama alisimama pale pale, anacheka, kaziba mdomo kwa nyuma ya kiganja."

Bi Pindo alikua akikiona kicheko kile. Ni mtu mmoja tu aliyemjua anayecheka hivyo.

"Itazame tena," Mzee alisema.

Akaitazama, safari hii kwa macho yasiyo na machozi. Mama alikuwa pekupeku. Ngozi ya kijivu, kama aliyepakwa majivu. Mikono miwili imeshika bakuli la bati, na macho hayakuitazama kamera wala kitu chochote.

"Aliyepiga picha hakumpiga yeye. Alipiga gari lake. Huyu alikuwepo tu, kama debe."

"Mzee... unataka kusema msukule, mfu anayetumikishwa?"

"Mimi nasema mwaka wa gari tu." Kisha akashindwa kujizuia. "Wanasema mwenye mali ile hafi mpaka apate wa damu yake wa kuipokea. Asipopata, ataoza huku anapumua, na waliofungiwa watakufa njaa. Safari hii kufa kweli."

"Na akipata?"

"Basi ni mali ya aliyepokea. Mchuma janga hula na wa kwao, mama. Usipokee kitu."

Bi Pindo aliinuka, akatoka. Alikuwa ameushika mkoba wake, na ndani ya mkoba vidole vilikuwa vimegusa pakiti ya sumu ya panya. Aliitupa kwenye mtaro kabla hajafika kona, akakimbia, yeye ambaye magoti yalimsumbua hata kupanda ngazi.

Uani kulikuwa kimya. Akaweka sikio mlangoni mwa stoo.

Hakusikia kitu.

"Mama?" aliita.

Kimya... Kisha, chini kabisa, karibu na sakafu. Krr. Mara moja. Kama mtu aliyetumia nguvu yake ya mwisho.

Aliingia chumbani na picha mkononi. Shangazi aligeuza macho tu.

"Ni yeye aliyemo mle?"

Shangazi aliitazama picha kwa muda mrefu. Midomo mikavu ikatabasamu, na nyuma ya kiganja ikapanda mdomoni.

"Alikuwa hodari wa kazi," alisema.

Bi Pindo alitaka kumnyonga. Tuseme ukweli, alitaka, na mikono aliinua. Lakini kutoka uani hakukuwa tena na sauti yoyote, na ufunguo ulikuwa pale kifuani unapanda na kushuka. Aliukamata, akauvuta kwa nguvu. Kamba haikukatika, nyembamba vile.

"Hauibwi," Shangazi alinong'ona. "Hupokewa. Sema."

Alimkumbuka Mzee Tisa. Alimkumbuka bibi yake na hadithi ya pasi. Miaka yote hiyo alikuwa akipalilia udongo mtupu.

"Nimepokea," alisema.

Kamba ikafunguka yenyewe. Shangazi akavuta pumzi moja ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na haikutoka tena.

Kufuli lilikubali upesi. Harufu ikamjia kwanza, pumba zilizolowa na bati lenye kutu. Akainua taa ya simu. Mwanamke aliyeketi kwenye kona alikuwa bado na miaka ishirini na miwili, ile ile aliyozikwa nayo. Nyusi zimeungana. Kovu la pasi mkononi. Alikuwa mdogo kuliko binti ambaye Bi Pindo angekuwa naye, kama angezaa.

"Mama. Ni mimi. Toka, mama. Mlango uko wazi."

Mwanamke aliinuka kwa shida. Akaja. Bi Pindo akafungua mikono, analia, na kwa nukta moja aliamini kila kitu kitakuwa sawa.

Mama yake akapita mikono ile, akapiga magoti miguuni pake, akainamisha kichwa. Kisha, kwa mikono yote miwili, akamnyooshea bakuli.

Alikesha naye. Alimwimbia, alimwita, alimvuta hadi kizingitini, na kila alipomwachia, alirudi kwenye kona yake. Alikataa wali, maziwa na mkate. Kulipokucha, waombolezaji wa Shangazi wakaanza kubisha hodi. Bi Pindo alisimama uani, ufunguo mkononi. Kisha akafunga mlango wa stoo.

Jumamosi alikwenda kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine alimpa pole ya msiba, akachota pumba, akafunga gunia kwa kamba.

"Za kuku na wewe?"

"Za kuku."

"Unao wangapi?"

"Mmoja tu," Bi Pindo alisema, huku akihesabu pesa.

Mwenye mashine akacheka, akamtwika gunia kichwani.

"Usijali, watazidi. Marehemu baba yangu alikuwa akituambia, hata Shangazi yako alianza na mmoja."