Reli ya Kanisani Yashika Kutu

Msimu wa kulima ukikaribia, karakana ya Teodori na mkewe Albina, pale Majengo, hujaa plau. Wakulima huzileta zichomelewe na kusuguliwa. Grenda, mashine ya kusugulia chuma, hulia tangu asubuhi mpaka majirani wanachoka.

Mwaka huu walipata pia kazi ya heshima. Kanisa la kigango chao liliagiza reli ya ngazi, ili wazee washike wakipanda. Iwe ya stenlesi, chuma kile kinachong'aa na kisichoshika kutu. Kwao ilikuwa stenlesi ya kwanza. Waliichomelea, wakaisugua. Iling'aa hadi Albina akaitumia kama kioo kujifungia kilemba.

Kisha manyunyu yakanyesha wiki nzima. Siku moja Bibi Coleta, mzee wa kigango, akaingia karakanani na leso yake nyeupe.

"Shikamoo, bibi," alisema Albina.

"Marahaba. Hebu tazameni." Leso ilikuwa na madoa ya kahawia. "Nimeifuta reli yenu. Kamati inasema isipotengemaa kufikia Jumapili, itang'olewa, kazi apewe fundi mwingine."

Bibi alipoondoka, Teodori alikaa chini. Aliona aibu sana.

"Stenlesi inashikaje kutu? Tumeuziwa bandia!"

"Muuzaji ameapa ni halali," Albina alisema. "Na sumaku hainati kama kwenye chuma cha kawaida."

"Basi ni baridi ya huku kwetu."

"Baridi! Mbona sufuria zangu hazishiki kutu?"

Walizunguka na maneno hayo siku nzima, na kila walivyozungumza ndivyo walivyozidi kuchanganyikiwa.

Jioni alipita jirani yao Cornelia, anayefundisha uchomeleaji chuoni. Albina akamweleza yote.

"Mliisugua kwa jiwe gani?" aliuliza Cornelia.

Teodori akamwonyesha jiwe la duara lililofungwa kwenye grenda. "Hili. Bado linakula vizuri."

"Na plau mnasugua kwa lipi?"

"Hilo hilo. Nitupe jiwe zima, mama?"

Cornelia akacheka. "Usilitupe. Nipe kipande cha stenlesi kilichobaki."

Alivaa miwani ya kazi. Upande mmoja wa kipande aliusugua kwa jiwe lile. Upande wa pili aliusugua kwa jiwe jipya la stenlesi alilotoa kwenye begi lake. Akakimwagia maji, akakiacha nje.

Asubuhi Cornelia aliporudi, upande wa jiwe la zamani ulikuwa na vidoa vya kahawia. Upande wa pili uling'aa. Teodori alikigeuza kipande mara kadhaa, haamini macho yake.

"Kwa hiyo kutu ni ya plau?"

"Ndiyo. Jiwe likisugua chuma cha kawaida, vumbi la chuma hukaa ndani yake. Ukisugua stenlesi, unaipaka vumbi hilo. Maji yakifika, vumbi linashika kutu."

"Jamani! Tumepaka plau kanisani!" alisema Albina.

"Tengeni mawe ya stenlesi, na brashi za waya pia. Soma jiwe kabla ya kununua. Limeandikwa ni la chuma gani, na kasi ya mzunguko wake isiwe chini ya ile ya grenda yako. Jembamba ni la kukatia tu. Ukisugulia ubavu wake, linaweza kupasuka likakuumiza. Nene ni la kusagia mshono wa kuchomelea. Kumalizia, tumia msasa wa grenda."

Walinunua mawe mapya. Waliisugua reli yote upya, wakaiosha kwa maji safi na kuikausha. Mawe ya stenlesi Albina aliyatundika peke yake, juu, karibu na rozari. Mteja wa plau alipokuja, mkono wa Teodori ulikwenda huko huko kwa mazoea. Albina akakohoa. Mkono ukarudi.

Manyunyu yalirudi pia, siku mbili. Jumapili Bibi Coleta alisimama chini ya ngazi na leso iliyofuliwa. Akaifuta reli taratibu. Mke na mume walisogea kutazama.

Bibi aliitazama leso mbele na nyuma. Akaikunja, akaitia mfukoni. Kijana mmoja akamnyooshea mkono amsaidie.

"Niache," alisema Bibi. "Nina reli."

Akaishika, akapanda mwenyewe hadi juu.